Mume Wangu wa Miaka Minne

Hapana, mwanangu, siku hizi simwiti tena mume wangu. Namwita Zakaria, jina lake tu. Usinikodolee macho, sogea motoni. Baridi ya Kilolo haina adabu, haijali kama mtu ana mimba.

Si unajua bibi na mjukuu ni watani? Mjukuu wa kiume ndiye mume wa bibi yake, ndivyo tulivyokuta. Na huyu alipewa jina la marehemu mzee wangu, babu yake, ambaye hakuwahi hata kumwona. Basi mama yake, mkwe wangu, alipomleta kutoka Iyunga, kule Mbeya, aje akae na mimi, nikasema Mungu kaniletea mume mpya, tena huyu hanywi ulanzi!

Nakumbuka asubuhi ile ya kwanza, ukungu umejaa mpaka mlangoni. Katoka na blanketi begani: "Mke wangu! Uji!" Weee, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, mume hasemi hivyo, mume anakohoa kwanza. Nikamwigizia mzee na salamu yake ya Kihehe: khe, khe, khmmm. "Kamwene, mama. Nyumba hii inakula saa ngapi?" Unanijua, sauti ya mtu ikipita hapa lazima niibe. Hata padri namwiga, Mungu anisamehe. Mtoto akashika yote. Majirani wakawa wanakuja kumtazama kama luninga.

Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Siku moja kamaliza uji, kageuza kikombe juu chini, kakigonga taratibu kwa kidole. Mwanangu, ndivyo mzee alivyokuwa anafanya, na kikombe mimi sikumfundisha. Nilicheka, ila kile kicheko kilitoka peke yake, mimi sikuwemo.

Akaacha kucheza na wenzake. "Wale watoto," anasema, mikono nyuma. Ukimwita Zaka haitiki. Ukimwita mzee, anageuka polepole, kama shingo inamuuma. Wanasema mtoto akililia wembe mpe. Aliyesema hivyo hakuwa na mjukuu! Mimi nilimpa wembe, na kunoa nikamnolea. Nikwambie ukweli? Nilipenda. Nyumba ilikuwa imepata kikohozi tena. Nikaanza kumpikia maboga bila chumvi, kama mzee.

Mama yake akaja kumwona. Unaijua sauti yake ya mjini: "Zaka wa mamaaa! Njoo nikubebe, baba!" Mtoto hata hakukimbia. Kampa mkono kama balozi wa nyumba kumi. "Karibu, mkwe. Mtoto hajambo?"

Yule binti kageuka kaniangalia. Sauti yote ya mjini imeisha. "Mama, mtoto wangu yuko wapi?"

Nikasema aah, utani tu huo.

Sasa wewe, nimesikia unataka kumpa huyo wa tumboni jina la marehemu baba yako. Mpe, ni jambo jema. Ila jina mpe, kikohozi usimpe. Mcheke, akuchekeshe, akuite binti yake kila asubuhi, lakini ukimwita jina lake aitike mtoto. Aliyekufa mlilie mpaka uchoke, usimtafute kwenye uso wa mtoto, maana ukitafuta sana unaweza ukapata. Mungu akujalie mtoto mwenye kelele zake mwenyewe. Avunje vikombe, akukojolee kitenge kipya, awe wako, asiwe wa mtu mwingine.

Na mimi niliacha utani huo siku ile ile aliyokuja mama yake, hata hajaketi. Siku tuliyomzika mzee, mvua ilikuwa haisikii la mtu. Wanaume walichota maji kaburini kwa ndoo, yanajaa tena, mwisho wakamshusha hivyo hivyo. Tuliona aibu. Humu ndani hakuna aliyewahi kulitamka, hata mama yake Zaka hakuwa anajua, alikuwa bado hajaolewa. Basi siku hiyo aliyokuja mama yake, tumesimama pale mlangoni, mtoto kakohoa, kanivuta kitenge, kasema:

"Mke wangu, safari nyingine msinilaze pale. Kuna maji."