Mama Ezekia Ajilaza Kitandani

Sekela, mama yake Ezekia, ndiye aliyeanzisha nyimbo za wanawake wachambuaji kahawa katika ghala moja la Mbalizi. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, lakini mwenyewe alikibeba kama ujumbe wa baraza. Wanawake walikaa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, na akianza yeye, mikono yote ilifuata. Hata nyapara Joachim alisubiri wimbo uishe ndipo aseme neno.

Mwaka wa hamsini na sita ukaletwa mkanda wa mashine, wa kupitisha kahawa mbele ya watu walioketi kwenye mabenchi. Wanawake wakaingiwa na hofu. Ilisemekana utanyofoa vidole, na kwamba nusu yao watafukuzwa. Ndipo akaja Severina, Mhehe kutoka Iringa, awazoeshe.

Severina hakuja na ukali. Aliuzima mkanda, akamtaka kila mmoja auguse, kisha akawauliza wanaogopa nini, akatulia kusikiliza. Alikula nao. Haikupita wiki akawasalimu "Mugonile" kwa Kinyakyusa chake cha kukwaruza, wakacheka mpaka machozi.

Sekela naye alicheka, kwa meno tu. Tupokigwe, mchambuaji mwenzao aliyezoea kumletea yeye maji ya kunywa, sasa alimpelekea mgeni. Na kwa jinsi mashine ilivyonguruma, nani angesikia wimbo?

Basi akajitia ugonjwa. Alijilaza, akatuma habari kwamba kichwa kinampasuka. Aliamini bila yeye kazi italala, waje wambembeleze, na yule mwanamke arudi kwao.

Walikuja kweli Jumamosi jioni, wote, na ndizi, unga na kuni vichwani, kama ilivyo desturi mwenzao akiugua. Aliyetangulia ni Severina. Hakuketi hata kidogo. Aliosha vyungu, akabandika uji. Sekela aliutazama mgongo ule ulioinama jikoni kwake akazidi kumchukia, maana sasa hata ugonjwa wake alikuwa amenyang'anywa.

Wenzao walipotoka kupasua kuni, Severina aliketi ukingoni mwa kitanda na kibakuli cha uji.

"Huumwi, Mama Ezekia," alisema taratibu.

Sekela alivuta shuka hadi kidevuni.

"Sitamwambia mtu. Kwetu mkanda ulipokuja, mkubwa wa wanawake nilikuwa mimi. Nikajilaza hivihivi, nikasubiri."

Aligeukia dirisha. Huko nje Tupokigwe na wenzake walikuwa wakibishana nani abaki kumwangalia mgonjwa. Uso wa Severina ukakazika, na Sekela aliutambua mara moja. Ulikuwa uso aliokuwa nao yeye Sekela tangu mkanda uje.

"Hakuja mtu," Severina alisema.

Sekela alikaa kitako, akasogea kumpisha. Kisha akawaita wenzake, kwa sauti ile ya kuanzishia wimbo, sauti ambayo mgonjwa hana:

"Njooni ndani. Mgeni wetu hajala."