Ngumi Yangu na Ukuta wa Chokaa

Wacha niseme mwenyewe, kwa maana Kimulot nzima inajua na kila mtu anaongeza chumvi. Mimi niliacha shule darasa la sita, nikaanza na nusu ekari ya majani chai, leo nina lori mbili, na nikanunua ile nyumba ya zamani ya mzungu yenye chimni ili nipokee wageni wa koito, yaani wanaokuja kuzungumza mahari ya binti yangu Chebet, kama mtu mkubwa.

Ukuta wa sebule ulikuwa umeoza. Fundi Otieno akabandua plasta ya chokaa, na ndani nikaona nini? Fito! Fito kama za kile kibanda cha matope nilichozaliwa ndani yake na nikaapa sitarudi.

"Toa hiyo takataka, weka plaiwudi laini."

"Mzee, chokaa inataka fito zenye nafasi ya kidole, ipenye, ishikilie kwa nyuma. Kwa plaiwudi itashika nini?"

"Otieno, nyumba ni ya nani?"

"Ni yako, mzee. Na ukuta pia ni wako."

Akapaka chokaa juu ya plaiwudi, ukuta ukatoka mweupe, laini kama yai. Siku ya koito nikamkalisha mjomba wa kijana aliyemposa Chebet, ndiye msemaji wao, chini ya ukuta huo huo, mkononi kikombe cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Akautazama, akasema, "Hapa umejenga."

Ningesema asante nikae (mke wangu alikuwa ananivuta koti), lakini nikasimama, nikatangaza, "Sijasoma, lakini nikijenga, nimejenga!" nikaupiga ukuta ngumi.

Kipande kikubwa kama godoro kikateleza chote. Vumbi lilipotulia mjomba alikuwa mweupe mpaka kope, kikombe kimejaa chokaa.

"Baba," Chebet akanong'ona, machozi yakimlengalenga, "si ungenyamaza tu?"

Wageni wakatoka nje kushauriana. Nilijua nimemharibia mtoto ndoa. Waliporudi, mjomba akapiga chafya mara tatu, akasema, "Binti tunamtaka. Lakini kwetu tunajenga na fito, na ukuta haujawahi kumwangukia mgeni."

Siku walipoleta ng'ombe, lorini kulishuka pia mzigo wa fito, umefungwa vizuri kama zawadi. Otieno aliupokea kabla yangu, akachukua mbili, akaweka kidole katikati, akanitazama.

Ukuta umesimama sasa. Na mtu akiusifu, mimi hutia mikono mfukoni kwanza, ndipo naitika.