Miwani Kumi Ilirudi

Nilipofunga kitabu changu na kuzunguka mwamba, mashua haikuwapo.

Bahari ilikuwa pale pale. Mashua ndiyo haikuwapo.

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka sabini na mmoja. Nimefundisha darasani miaka thelathini na sita. Sijazoea kusahauliwa.

Mtaniuliza nilifuata nini kwenye kisiwa cha mchanga kisichozidi uwanja wa shule. Nilimfuata mjukuu wangu. Aliponiaga kwamba anakwenda kuzunguka visiwa, mkoba mgongoni, pamoja na wenzake aliokutana nao mtandaoni, nilimwambia, "Vyema. Tunaondoka saa ngapi?"

Siku nne nilivumilia vitanda vya ghorofa, soksi mbichi dirishani na vijana wanaomsalimu mtu mzima kwa kidole gumba.

Siku ya tano nahodha wetu, yule yule wa tangu siku ya kwanza, akatupeleka kutazama samaki wa matumbawe. Wao kumi walivaa mirija ya kupumulia na miwani ya mbizi yenye namba nyekundu. Mimi siogelei.

Kwenye kituo cha kwanza, mjukuu wangu aliogelea mbali mno. Nikamkemea mbele ya wote.

"Bibi, unaniaibisha! Mimi si mtoto."

"Basi usinisemeshe mpaka tufike nyumba ya wageni. Wala usinitazame."

"Haya."

"Haya nini?"

"Haya, Bibi."

Kijana mmoja mwenye kamera akanong'ona, "Duh! Huyu bibi hana masihara."

Nilimsikia.

Kituo cha pili kilikuwa hicho kisiwa. Nikazunguka mwamba kutafuta kivuli, nikafungua kitabu. Kusema kweli, mngurumo wa injini niliusikia. Nilidhani nahodha anaisogeza tu mashua. Nikasoma kurasa nyingine kumi.

Sasa nilipaza sauti. Hakuna aliyeitika.

Nikaweka kiatu changu ukingoni mwa maji ili nijue kama yanapanda. Nilipogeuka tena, kiatu kilikuwa kinaelea.

Nikarudi mwambani. Ulikuwa mrefu, umesimama wima kama ukuta, hauna pa kupandia. Hapo ndipo nilipowaona chaza. Walikuwa wameganda kwenye jiwe, na mstari wao wa juu ulikuwa umenipita kichwa.

Chaza hawaoti mahali ambapo maji hayafiki.

Nilielewa, wala sikuhitaji kufafanuliwa.

Mvua ikaanza kunyesha. Nikasimama nimeubana mgongo kwenye jiwe, nikaanza kumtungia nahodha barua ya malalamiko kichwani. Mtu mzima, hajui kuhesabu! Aya ya kwanza, maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Aya ya pili, magotini.

Aya ya tatu yalifika kiunoni. Barua nikaiacha.

Nikamwita mjukuu wangu kwa jina nililokuwa nikimwitia alipokuwa akijifunza kutembea. Kisha nikakumbuka amri yangu. Nilikuwa nimemkataza kunitazama, na yule mtoto, ambaye hajapata kunitii hata kwa kutandika kitanda, huenda leo alikuwa ameamua kutii.

Maji yakanigusa kifuani.

Ndipo nikasikia injini.

Mjukuu wangu hakungoja mashua isimame. Alijitupa majini na nguo zake.

"Bibi! Usisogee! Nishike shingo. Kaza!"

Nikakaza. Sikumsahihisha neno lolote.

Nilipokwisha kupakiwa, nikamkabili nahodha.

"Wewe! Hukuwahesabu watu wako?"

"Nilihesabu, Bibi."

"Ulihesabu nini?"

Akanyoosha kidole kwenye ubao wenye misumari. Miwani kumi ya mbizi ilining'inia kwa mpangilio, kila moja na namba yake nyekundu.

"Siku ya kwanza ulinigombeza," akasema kwa upole. "Ulisema nahesabu watu kwa macho kama mbuzi. Ukachukua rangi ya kucha ya mjukuu wako, ukaandika namba. Ukaniambia miwani ikirudi, mwenyewe amerudi. Leo imerudi yote kumi. Na wingu la mvua lilipotanda, kila mtu alijifunika turubai kabla hatujaondoka."

Nilizitazama zile namba. Ule ulikuwa mwandiko wangu.

Mwenye kamera akaishusha kamera yake.

Nikamgeukia mjukuu wangu, aliyekuwa akinisugua mikono. "Nani aligundua kwamba sipo?"

"Mimi. Tulipoukaribia ufuo nilifunua turubai nikuombe radhi." Akainamisha kichwa. "Nilivunja amri yako, Bibi. Nisamehe."

Nilimkumbatia. Nikalia, jambo ambalo sikulifanya hata siku niliyostaafu.

Wazazi wenzangu na walimu wenzangu, hesabuni nyuso, msihesabu vitu. Na mnapomkasirikia mtoto, msimfunge kinywa. Siku moja maji yatawafika kifuani, na atakayegeuka nyuma kuwatafuta ni yule yule mliyemnyamazisha.

Kesho yake, kabla ya kung'oa nanga, nahodha alimtazama kila mtu usoni, mmoja baada ya mwingine. Mimi alinibakiza wa mwisho.

"Bibi?"

Nikasimama wima, kama nilivyowafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na sita.

"Nipo."