Viroba Viwili vya Mawe

Kama umewahi kupita Kakola, huku jirani na Bulyanhulu, basi baba yangu umeshamwona hata kama humjui. Ni yule fundi pikipiki mwenye ovaroli lililowahi kuwa la bluu, anayeongea na pikipiki. Sikutanii, anaziuliza kabisa. "Wewe, unaumwa wapi? Mbona jana ulikuwa mzima?" Bodaboda wanamcheka, lakini zikiharibika tu hao, foleni.

Anaitwa Mayala. Kwa Kisukuma hilo ni jina la mtoto aliyezaliwa mwaka wa njaa, ila ukimwona na kitambi kile utasema walimdanganya. Chuo cha ufundi hajakanyaga. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, akibakiwa na nati mkononi anafungua tena. Masikio yake sasa! Pikipiki haijatokeza kona, yeye keshasema, "Huyo anayekuja mnyororo wake umelegea." Na kweli umelegea.

Sasa nikikwambia kuna pikipiki moja imemtesa mpaka leo, utasema namsingizia.

Hiyo ni ya Babu Onesmo, baba yake mama yangu. Babu aliendesha lori mgodini miaka mingi, alipostaafu akanunua pikipiki kubwa la safari kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lina masanduku matatu, mawili ubavuni na moja nyuma. Babu akaliita Nzagamba, yaani dume la ng'ombe. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumpeleka Bibi Rhoda kuona ziwa. Bibi kwao Mhunze, kule Kishapu, maji aliyokua nayo ni ya lambo, ng'ombe kasimama upande huu na wewe unachota upande ule. Tangu anaolewa Babu anamwahidi, "Nitakupeleka Chato ukaone maji yasiyo na ng'ambo." Watoto wamezaliwa, wamekua, sisi wajukuu tumekuja, ziwa bado.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa, Babu huyo na Nzagamba lake mpaka kwa Baba. Baba akachuchumaa mbali kidogo, si unajua tena mkwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Baba Noela. Sikia, Jumanne tunaondoka na mama yenu. Lakini hili dume usukani unacheza. Nikiwa peke yangu limetulia. Nikimpakia mama yenu, likifika sitini, nikiachia mafuta tu, linakata mauno."

Baba akalipanda, akaenda nalo hadi kwenye mnara wa simu, akarudi. Kimya, limenyooka.

"Si nimekwambia peke yako halichezi?" Babu akacheka. Akachukua helmeti, akavaa, akashika sanduku la nyuma na mguu keshaunyanyua. "Songa mbele, nipande nyuma twende wote ulione."

Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Kwenye ukoo wetu mkwe ni mkwe kwelikweli. Baba hampi Babu mkono, hakai naye kiti kimoja, hata kwenye sherehe wakipangwa karibu mmoja atakumbuka ghafla kuna kitu kakisahau nje. Leo abanane naye siti moja ya pikipiki, kifua na mgongo, Babu amkumbatie kiuno? Mbele ya Kakola nzima? Mimi nilikuwa naosha vyombo pale, nikaacha kuosha. Jasho la Baba nililiona likishuka.

"Hapana baba, hakuna haja. Nimeshaiona."

"Umeiona nini?"

"Ni... ni upepo. Tairi la mbele limepungua upepo."

Akapima. Kweli ulikuwa umepungua, kidogo tu. Akajaza, akakaza nati ya gurudumu, akasema tayari. Babu akavua helmeti, akamshukuru, akaondoka anapiga honi.

Siku nyingine yoyote, kwa mtu mwingine yeyote, usukani ukicheza Baba anaweka kreti la soda chini ya injini, gurudumu la mbele linaelea, halafu anafumba macho na kuzungusha usukani taratibu anasikiliza. Siku ile hakuweka kreti. Alichotaka ni helmeti ile itoke kichwani kwa Babu.

Utasema si angempakia mtu mwingine? Nilimuuliza hivyohivyo baadaye.

"Umkatae mkwe wako, halafu umpakie Mihayo muuza chipsi?" akaniambia. "Si nimemtukana mchana kweupe?"

Jumanne wakaondoka. Wakafika Geita, Babu akanitumia picha: Bibi kavaa jaketi la Babu limemmeza, anacheka mpaka pengo linaonekana. Nikaiweka steta kwenye simu, na makopakopa. Walipopita Katoro kuna mteremko, Babu akaachia mafuta, usukani ukaanza. Alipambana nao, wapi. Wakaingia shamba la mihogo. Babu alichubuka tu. Bibi alivunjika nyonga.

Simu aliipokea Mama. Baba alivyoambiwa alikaa juu ya ndoo ya oili chafu, hata hakuangalia anakalia nini.

"Upepo," akasema. "Nilimwambia ni upepo."

Nzagamba lilirudishwa juu ya Fuso. Likakaa pale kwetu zaidi ya wiki, Baba analizunguka kama msiba. Hakuliuliza linaumwa wapi. Siku moja ndiyo akaniita.

"Noela, hebu tafuta kwenye hiyo simu yako. Usukani kucheza ukipakia."

Nikatafuta, weee, video kibao. Moja kuna mtu anaongea lugha sijui ya wapi, lakini mikono yake inaeleweka. Anafunga mifuko ya mchanga kwenye siti ya nyuma, anapanda, anaondoka, usukani unaanza kucheza. Basi. Baba akasema rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. Mara ya tatu hakumaliza kuangalia. Aliinua kichwa, akatazama ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo pale ndipo wachimbaji wadogo wanapopanga viroba vya mawe yao kusubiri zamu ya karasha iyasage. Viroba na viroba. Havijawahi kuisha pale tangu nimezaliwa.

"Siku ile vilikuwepo?" akauliza.

Nilitamani niseme hapana.

"Vilikuwepo, baba."

Alivuka, akaomba viwili, akavifunga siti ya nyuma kwa mpira, akaondoka. Alirudi mwendo wa kobe.

"Linacheza."

Akaweka kreti, akafumba macho, akazungusha usukani. Ulipofika katikati ukakwama kidogo, ukapita. "Weka mkono," akaniambia. Nikaweka. Niliusikia kama unadondokea kwenye kishimo. Akafungua shingo, pale usukani unapozungukia, akatoa beringi. Njia yake ilikuwa na vishimo vimejipanga kama mtu kabonyeza kucha kwenye ugali. Kumbe ukiwa peke yako uzito wako unalituliza gurudumu la mbele. Ukiweka mtu na mizigo nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na ile shingo iliyochoka inapata nafasi ya kucheza.

Mama akajaribu kumtetea. "Labda imeumia kwenye ajali, Baba Noela."

Baba akamsogezea ile beringi. "Angalia kutu ndani ya vishimo. Hiyo ni kutu ya mwaka, siyo ya wiki mbili."

Beringi mpya zilikuja na basi kutoka Dar. Akapaka grisi, akakaza kidogokidogo mpaka usukani ukawa unaangukia upande wenyewe, polepole, bila kukwama. Akafunga viroba vilevile viwili, akaenda, akarudi. Limenyooka kama rula. Mimi nikapiga makofi. Yeye hata hakunitazama.

Jioni tukaenda kwa Babu. Baba akachuchumaa karibu na mlango, akasema yote, kuanzia helmeti mpaka kutu. Babu alisikiliza huku anaangalia kuku.

"Mwanangu," akasema, "hata mimi nilipotamka nipande nyuma, maneno yameshatoka, nikaona aibu. Nikawa naomba ukatae. Uliposema upepo, nilishukuru Mungu."

Wakabaki wawili wanaangalia kuku.

Baba akasema ameshapata gari la kuazima, siti ya nyuma inalala, atampeleka Bibi taratibu mpaka Chato. Bibi alikuwa ndani, amelala, dirisha wazi. Huwa haongei na mkwe wake moja kwa moja, akaniita mimi kwa sauti ambayo Baba anaisikia vizuri tu.

"Noela! Mwambie baba yako asante. Lakini maji nimeshayaona kwenye picha za simu yako. Mimi nilikuwa nataka nipelekwe na babu yako, nimeshika jaketi lake. Mwambie asijisumbue na gari."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Alikuwa keshainamisha kichwa.

Viroba viwili hajavirudisha ng'ambo. Vinakaa pale kwenye banda, na kila pikipiki ya kubeba abiria lazima ivibebe kwanza. Bodaboda wanamtania, "Fundi, mimi mwenyewe nipo na nyama zangu, si nikae nyuma?"

"Kaa pembeni," anawajibu. "Mawe hayana ukoo."

Bibi sasa anatembea na gongo, hatua kumi, anapumzika. Kila Jumapili Babu analitoa Nzagamba uani, analipangusa vumbi, analiwasha, anazungusha usukani kushoto na kulia. Bibi anakuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni.

"Limepona?" anamuuliza.

"Limepona kabisa."

"Haya zima, moshi unanipata."

Na Babu anazima.