Nyuzi za Auleria

Gaudens aliinunua ngoma ile kwa Hilal, muuza vyombo vikuukuu, mwaka wa hamsini na moja, na majirani zake hapa Temeke walimcheka mpaka wakachoka. Walimuuliza ataipikia nini. Mwili wake wa shaba ulikuwa umebonyea, ngozi ya chini haipo, skrubu mbili zimepotea. Lakini Gaudens alikuwa amepiga ngoma kama hiyo jeshini, ile ndogo inayoning'inia kiunoni, yenye nyuzi zilizokazwa chini ya ngozi ili ichachatike kwa mlio mkali. Hakuwa wa kufundishwa ngoma na watu ambao hawajawahi kuvaa hata buti.

Tena alikuwa na sababu. Mkewe, Auleria, alikuwa anakwisha kwa kifua kikuu. Hakuwahi kuisikia ngoma ya mumewe, kwa kuwa miaka yote ya vita alikuwa Bukoba akimngoja. Alitaka kuisikia kabla hajafa, na alilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Gaudens akaahidi.

Aliinyoosha shaba kwa nyundo ya mbao. Fundi baiskeli akampatia skrubu mbili zilizokaribia kufanana na zile nyingine. Ngozi ya mbuzi akailoweka, akaikwangua mpaka ikawa nyembamba, akaivika kwenye pete yake ingali mbichi. Kilichomshinda ni nyuzi. Alijaribu waya, ngoma ikalia kama debe. Alijaribu katani, ikanyonya unyevu ikafifia.

"Hiyo inakohoa kuliko mie," Auleria alisema kutoka kitandani. "Nenda buchani, kaniletee utumbo wa mbuzi."

Kumbe baba yake alikuwa mpiga nanga, kile chombo cha nyuzi cha Wahaya, na nyuzi zake alizisokota mwenyewe nyumbani, binti akitazama. Gaudens hakulijua hilo, nami namlaumu. Mtu unaishi na mke miaka yote hiyo, humuulizi hata baba yake alipiga nini. Aliuosha utumbo na kuukwangua, na Auleria, ameegemea mto, akausokota uzi baada ya uzi, akipumzika kila kikohozi kilipomshika. Vidole vyake vilikuwa vimekonda, lakini havikukosea. Alimwonya mumewe asizianike nyuzi juani wala asifanye haraka, maana zikikazwa mbichi hukatika. Zikatundikwa kivulini.

Asubuhi ya Jumamosi Auleria akafariki, nyuzi zingali zinanata.

Kesho yake Gaudens alizigusa, zilikuwa zimekauka. Alizifunga kwenye ngoma huku machozi yakimdondoka juu ya ngozi, na hakujisumbua kuyaficha. Wenzake wa jeshini walikuja kumsaidia kuzika, wakiongozwa na Adelard, aliyekuwa sajini wao. Adelard alimkumbusha desturi: kwenye msiba nyuzi hulegezwa, ngoma ikalia chini chini, maana kuchachatika ni kwa gwaride na furaha. Gaudens alilijua hilo tangu Burma, alikozika rafiki wengi. Akazilegeza.

Msafara ukaondoka. Ngoma ikawa inalia pole pole, nzito, kama mtu anayepiga mlango kwa kiganja. Walipokaribia kaburi Gaudens alisimama, na wabeba jeneza nao wakalazimika kusimama. Akainama, akaanza kuikaza skrubu ya nyuzi.

Adelard alimsogelea. "Gaudens, ngoma ya msiba haichachatiki."

"Najua, sajini. Lakini nilimwahidi, na hajaisikia."

Adelard alilitazama jeneza, kisha akarudi mahali pake. Gaudens akapiga. Sauti ilitoka kali, safi, kila uzi ukijibu, na wanawake waliokuwa wamejikaza tangu nyumbani wakaangua kilio. Alipiga mpaka jeneza likafika chini kaburini na mchanga ukaanza kumwagwa.

Baada ya hapo aliwazika wenzake wengi kwa ngoma ile, akiwamo Adelard mwenyewe. Kila mara alizilegeza nyuzi kwanza, kama desturi inavyotaka.