Nilifichaka jina yangu kwenye site, kaka hakuniona

Marafiki, leo nimejua ni mimi mwenyewe nilijifichaka, kaka yangu asinione.

Wakati tulikimbia vita, tulipotezana na kaka njiani. Kufika Kisangani, nilijiandikisha kwenye site ya internet ya shirika yenye kutafuta watu wenye wamepotezana na familia.

Site ikauliza: jina yako ionekane kwa watu wote?

Nikakataa. Niliogopa wenye bunduki watanifuata. Nani hangeogopa?

Leo asubuhi muke ya kaka amefika kwangu, peke yake; aliniulizia kwa wakimbizi wa kwetu mpaka akanipata. Kaka alikufia Ubundu wiki ya nyuma, wakingoja train ya kuja huku Kisangani.

Akanionyesha telefone ya kaka.

"Kila siku ya Mungu, kisha kutoka misa, alikuwa anaandika jina yako. Site inamujibu: hakuna mutu."

Sasa hivi nimerudi kwenye site, nimekubali jina yangu ionekane.

Bon. Nani atanitafuta?