Maneno Sita ya Kitaita

Mwaka ule, ofisi iliyopakana na yangu kwenye kampasi ya Westville, hapa Durban, alipewa mwanamke Mmaori kutoka New Zealand, mhadhiri mgeni wa mwaka mmoja. Tulizoeana kwa sababu ya chai. Yeye hakuiweza ile ya mashine, nami nilikuwa na birika.

Siku moja alitoa mhadhara kuhusu kufifia kwa lugha yao. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu alinyoosha mkono akauliza, kwa adabu kabisa, "Kama wote sasa wanajua Kiingereza, wamepoteza nini hasa?"

Mgeni wetu hakukasirika. Alisimulia kwamba nyanya yake alichapwa shuleni kwa kusema Kimaori, akaapa watoto wake hawatachapwa. Basi lugha akaiweka jikoni, akawa anaizungumza na dada yake tu. Mtoto akiingia, wale wakongwe wawili wanahamia Kiingereza. "Nilikua nikidhani ni lugha ya watu wazima," alisema. "Kwamba nikifika umri fulani nitaamka asubuhi nikiijua."

Darasa lilicheka, nami nikacheka.

Baadaye, kwenye chai, nilimwambia kwamba shuleni kwetu Taita, Kenya, ukisikika ukisema Kitaita ulivishwa kibao shingoni, ukashinda nacho mpaka umnase mwenzako akikisema. Nilikivaa mara nyingi. "Lakini tumesonga mbele," nilisema. "Lugha ni jembe. Likiisha makali unachukua jingine." Aliniangalia kidogo, akamimina chai. Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao.

Wakati huo mama yangu alikuwa ameshahamia kwetu Durban, baada ya baba kufariki. Binti yangu amezaliwa hapa. Lugha zake ni Kiingereza na Kizulu, Kiswahili anakiokota kwangu na kwa Wakongo wa kanisani, ndiyo maana husema "iko maji?" kila anapotaka kujua kama maji yapo. Kwa Kiswahili hicho chenye viraka, yeye na nyanya yake walielewana vizuri. Walikaa kochi moja wakitazama vipindi vya mapishi na kuwasema wapishi. Kitaita nilikisema na mama tu, tukiwa wawili. Binti akiingia, tunabadilisha. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kiharusi kilimpiga mama asubuhi moja akipiga pasi. Aliporudi kutoka hospitali upande wake wa kulia haukuwa na nguvu, na Kiswahili kilikuwa kimekwenda. Daktari alieleza kwamba hutokea, wakati mwingine lugha ya kwanza ndiyo husalia. Kilichosalia kilikuwa Kitaita cha utotoni mwake, chenye maneno ambayo mimi mwenyewe niliyafuata kwa kupapasa.

Binti alikuwa na miaka kumi na minne. Alasiri alikaa na nyanya yake mpaka nitoke kazini, kwa hiyo nilimwandikia maneno sita, nikabandika karatasi kwenye friji: maji, chakula, choo, baridi, joto, maumivu. Aliyashika siku hiyo hiyo. Ana sikio zuri, huimba kwaya.

Siku mama alipotutoka nilikuwa nasimamia mtihani. Nilifika nyumbani nikamkuta binti ameketi kitandani, ameushika mkono wa nyanya yake, na mkono ulikuwa umeshaanza kupoa.

"Alikuwa anaongea, Mama," aliniambia. "Kitu kimoja, tena na tena. Halafu akanyamaza. Nilidhani amelala."

"Alisema nini?"

Alinitolea sentensi yote, kwa lafudhi ya mama hasa, mpaka nikashtuka. Nilisikia "mwanangu." Nilisikia "bega." Kitenzi sikukijua.

"Ni maombi?" aliuliza. "Ilikuwa kama maombi."

"Labda. Wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia, ndiyo, Nyanya."

Kesho yake nilimpigia mama mdogo, aliyebaki nyumbani Taita, nikamtamkia yale maneno. Aliniomba nirudie.

"Alikuwa anaomba ageuzwe," alisema. "Mwanangu, nigeuze, bega linaniuma. Hakuwa na mtu?"

"Mjukuu alikuwepo."

"Sasa mbona hakumgeuza?"

Neno la maumivu lilikuwemo kwenye karatasi yangu. Ndani ya sentensi lilikuwa limebadilika mwanzo na mwisho, mtoto asingeweza kulitambua, hata mimi lilinipita. Nilijaribu kumweleza mama mdogo, nikashindwa.

Sikumwambia binti mara moja. Yeye alikuwa ameshaamua kwamba ni baraka aliyoachiwa, na alitaka kuisema kaburini, kwa Kitaita, mbele ya watu wa kwetu. Nilimsikia bafuni akiirudia. Niliwaza wale kina mama wa Taita wakimsikiliza mtoto amesimama juu ya kaburi akisema nigeuze, bega linaniuma. Nilimweleza kwenye gari, tukitoka kuchukua karatasi za kusafirisha mwili. Nilipita robot, zile taa za barabarani, nikasimama kando ya barabara, nikasema yote.

"Eish," alisema taratibu. "Alikuwa ananiangalia, Mama. Na mimi nilikuwa namtabasamia."

Kaburini alisema maneno machache kwa Kiingereza, mchungaji akatafsiri.

Daktari aliniambia kwamba kumgeuza kusingemponya, nami naamini. Angekufa siku ile ile, ila akiwa ameulalia ubavu usiouma. Hilo tu. Hilo ndilo ninalolililia.

Niliporudi Durban nilimwandikia yule mwenzangu Mmaori, nikamsimulia ilivyokuwa bila kutaja yale maneno yangu ya jembe. Alinijibu mistari miwili ya pole.

Kisha nikamwuliza binti kama angependa nimfundishe Kitaita.

"Nitaongea na nani?"

"Na mimi."

"Lakini hata wewe hukulijua lile neno," alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anakunja nguo za nyanya yake.

Siku hizi Jumapili baada ya ibada tunampigia mama mdogo. Masikio yake yameanza kuwa mazito, na huchoka kurudia. Binti huuliza neno moja au mawili, huandika. Wiki nyingine ana mazoezi ya kwaya, basi naongea naye peke yangu.